Wote wa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na ndoo imerudi mahali pake katikati ya ofisi, pale paa linapovuja. Hii ni siku ya kwanza ya daftari hili na nilitaka kuandika jambo la maana, lakini nimekasirika, basi nitaandika hasira.

Tuko wachache ofisini. Kuna mkuu wetu, mama mwenye sauti ya chini ambaye sijawahi kumsikia akiipandisha. Kuna mchoraji, anayepanga rangi na picha. Kuna mimi, halafu kuna Bwana Koma. Tunatengeneza tovuti za shule, na Bwana Koma tulimpa jina hilo kwa sababu anapenda kutenga maneno yake kwa koma, na pia kwa sababu akianza kubishana unatamani kumwambia akome.

Katika lugha tunayoandikia kurasa kuna amri mbili za kutoa maneno kwenye skrini: echo na print. Kazi yao karibu ni ile ile. Echo unaweza kuipa vitu vingi kwa mpigo, ukivitenga kwa koma, ikavitoa ikaenda zake. Print hupokea kitu kimoja tu, na ikimaliza hurudi na namba 1 mkononi, kama mtoto aliyetumwa dukani anavyorudi kusema "tayari". Moja hiyo kwa kawaida haionekani kwenye ukurasa, inabaki huko ndani, na wengi hawana kazi nayo. Mimi nimeandika print tangu chuoni. Napenda kitu kinachojibu.

"Na hiyo moja unaipeleka wapi, dada?" Bwana Koma akaniuliza leo mbele ya mkuu. "Unaiweka kwenye mkoba?"

Nikamwambia yangu angalau inarudi, yake ikitoka hata haiagi. Mchoraji alicheka mpaka akamwaga chai. Nilishinda, lakini nimefika nyumbani na bado nabishana naye kichwani.

Jumatano, 6 Machi

Kinanda amesoma jioni yote. Kinanda ni binti wa kaka yangu. Tunamwita hivyo kwa sababu akisoma anavuma kwa pua, wimbo usio na mwanzo wala mwisho. Mama yake alipofariki nilimchukua mimi, maana kaka ni dereva wa malori ya safari ndefu na nyumba yake ni usukani.

Muhula uliopita alifanya vibaya. Kaka alipopiga simu nilimwambia "hakufanya vizuri sana" nikageuza mazungumzo haraka. Hakuuliza zaidi. Alisema tu, "Akianguka tena namtoa shule. Ataenda kwa kaka mkubwa akauze dukani, angalau atajifunza biashara." Nilikuwa nimefungulia sauti ya simu, na Kinanda alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku hiyo anaamka kabla yangu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua kutwa. Umeme hakuna. Kinanda amesogeza meza dirishani.

Jumatatu, 18 Machi

Shule ya Kinanda imetupa kazi ya ukurasa wa matokeo: mzazi anaandika namba ya mwanafunzi, anaona alama na nafasi yake darasani. Mkuu ametangaza kwamba kuanzia sasa ofisi nzima itaandika kwa mtindo mmoja, echo, na mimi nibadilishe yote niliyokwisha kuandika.

"Kwa hiyo print ina kosa gani?" nikauliza.

"Sijasema ina kosa," mkuu akasema. "Nimesema nimechoka kuwasikia."

Bwana Koma aliendelea kuchapa tu. Kunyamaza kwake kuliniudhi kuliko maneno yake.

Jumatano, 27 Machi

Nimebadilisha. Sikuwa na moyo nayo. Mistari mingine nimeiandika upya, mingine nimechomeka echo mbele, nikaunganisha, nikapita. Nilijaribu kwa mwanafunzi wa mfano, yule ambaye siku zote nampa nafasi ya kwanza kwa kuwa nampenda. Ukurasa ukasema: Nafasi, 1. Nikafunga kompyuta.

"Nikupitie kidogo kabla haijaenda?" Bwana Koma akauliza.

Nikamwambia akapitie nguo zake kwenye kamba, mvua inakuja.

Jumanne, 2 Aprili

Ndoo imejaa mara mbili. Kinanda amemaliza mtihani wa mwisho. Nilipomuuliza amefanyaje, alisema, "Nimejaribu, shangazi," akalala mchana kutwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Matokeo yamefunguliwa leo alasiri. Nilikuwa jikoni simu ilipolia. Nilidhani kaka amepata ajali, jinsi alivyokuwa akihema.

"Wa kwanza!" akasema. "Mdogo wangu, mtoto amekuwa wa kwanza!"

Alikuwa ameegesha lori kando ya barabara ili asome simu. Alisema ameisoma, akazima simu, akaiwasha tena, akaisoma tena. Kisha akaanza kulia. Sijamsikia kaka akilia tangu msiba wa mkewe. Nilimpa Kinanda simu, naye akasikiliza, akasema "Asante, baba" mara kadhaa kwa sauti ndogo. Mimi niliruka ruka peke yangu jikoni na mwiko mkononi. Nilijiona kama nami nimefaulu.

Jumamosi, 6 Aprili

Sijui niandikeje haya, lakini nikiacha kuyaandika nitajidanganya vizuri zaidi kesho.

Asubuhi nilifungua ukurasa kwa kutaka tu kuifurahia kazi yangu. Kinanda aliinama begani kwangu. Alama zake zilikuwa nzuri, za mtu aliyepanda. Chini kabisa: Nafasi, 1. Na juu ya jedwali, karibu na jina la shule, ilikuwepo namba ndogo imekaa peke yake.

"Shangazi, hii kumi na tisa ni ya nini?"

"Namba ya ukurasa," nikajibu.

Nilijibu upesi mno. Akasema "Aah," akaenda kufua.

Alipotoka nilibadilisha tarakimu ya mwisho ya namba yake, nikaingia kwa mwanafunzi mwingine. Nafasi, 1, na juu yake 7. Nikaingia kwa mwingine. Nafasi, 1, na juu 33. Huyo wa thelathini na tatu ana sifuri ya hesabu, na ni wa kwanza pia.

Ni mstari mmoja. Nilipochomeka echo mbele niliisahau print katikati. Basi print ikafanya kazi yake kwanza, ikaitoa nafasi ya kweli mahali pasipo pake, nayo ikarukia juu ya jedwali. Kisha ikarudi na ile moja yake ya "tayari", na echo ikaipokea ikaiandika mbele ya neno Nafasi. Shule nzima imepewa moja yangu. Na mimi sikuiona kwa sababu mtoto wangu wa mfano ni wa kwanza kweli.

Kuurekebisha mstari huo ni kazi fupi kuliko kuchemsha chai. Nilikuwa nimeshaufungua. Ndipo honi ya lori ikalia barabarani.

Kaka alimwinua Kinanda juu kama bado ni mtoto mchanga. Alimletea taa ya kusomea yenye shingo ya kupinda. Alizunguka nayo chumba kizima akitafuta pa kuichomeka, akaichomeka, akaizima, akaiwasha. Halafu akakaa, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, mimi nilikudharau. Nilikwisha kusema moyoni huyu shule haiwezi. Nisamehe baba yako."

Nikafunga kompyuta.

Nilijiambia nasubiri Jumatatu kwa sababu mkuu hapendi tuguse kazi wikendi. Mkuu hajawahi kusema hivyo. Nilijiambia namwonea huruma kaka. Hilo ni kweli, lakini kuna kweli nyingine chini yake: ningesema, ingebidi nikiri mbele yao kwamba ni mimi niliyekosea, na leo jioni nzima kaka alikuwa akinishukuru kwa malezi. Alisema, "Mdogo wangu, bila wewe," akashindwa kumaliza. Nilizipokea shukrani zote. Nilikula hata kipande cha nyama alichoniwekea.

Kinanda hakula sana. Kila nikiinua macho alikuwa ananiangalia.

Jumapili, 7 Aprili

Kaka ameondoka alfajiri. Kabla ya kuondoka amempigia simu kila mtu tuliyezaliwa naye, na kaka mkubwa mara mbili.

Mchana jirani yetu, fundi cherehani, alikuja mbio na sindano bado imechomekwa kifuani. Mapacha wake wako darasa moja na Kinanda.

"Jirani, wamefungana! Wote wawili wa kwanza! Na nasikia Kinanda wenu naye! Hebu niambie wewe unayejua mambo haya, inawezekana?"

Nikasema, "Inawezekana."

Akanikumbatia. Nilinusa mafuta ya cherehani kwenye nguo zake na nikatamani ardhi inimeze. Kumdanganya mtu anayekukumbatia ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, na niliiweza.

Jumatatu, 8 Aprili

Mwalimu mkuu wa shule alipiga simu kabla sijavua koti la mvua. Mkuu wetu aliweka sauti juu ili wote tusikie.

"Mama, mimi hapa nina darasa zima la wa kwanza. Wazazi wamejaa mlangoni, kila mmoja na simu yake. Mmoja ameleta keki. Nifanye nini na keki?"

Mchoraji alicheka, akaona uso wangu, akaacha.

Bwana Koma alikuwa ameshafungua kazi. Aliinama kwenye skrini muda mfupi tu. "Mstari wa nafasi una amri mbili ndani yake," akasema. "Nimeutengeneza. Sasa uko sawa."

"Nani aliuandika?" mkuu akauliza, ingawa alijua.

"Mimi," nikasema.

Nilisema haraka, kwa sauti, na kichwa juu. Mkuu akatikisa kichwa, akasema tutaandika barua ya kuomba radhi kwa shule, na kuanzia leo hakuna kazi itakayotoka bila macho ya mtu wa pili. Wakaniona jasiri. Hakuna aliyeuliza nilijua tangu lini, nami sikusema.

Nilingoja Bwana Koma anicheke. Nilikuwa nimeandaa majibu makali matatu au manne. Jioni tukishuka ngazi akaniuliza, "Binti yenu yuko darasa lile lile, sivyo? Umezungumza naye?"

"Nitazungumza na baba yake kwanza."

Akaniangalia kidogo, akafungua mwavuli wake, akaenda. Mtu huyu nimemwita mwenye roho ndogo kwa miaka, na ndiye pekee leo aliyemkumbuka mtoto.

Jumanne, 9 Aprili

Sikulazimika kumwambia. Aliingia mwenyewe kwenye ukurasa kwa simu yangu asubuhi, akauweka mbele yangu: Nafasi, 19. Juu hakuna kitu.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Jumamosi. Nilipoiona pale juu nilijua hiyo ndiyo yangu. Ile ya kwanza si yangu, shangazi, mimi najijua. Nikafurahi sana kimoyomoyo. Nilitaka kukuonyesha. Wewe ukasema namba ya ukurasa."

Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake nikachukua kalamu nikaanza kumweleza print ni nini na echo ni nini. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Baba utamwambia?"

Nikasema ndiyo. Akachukua ile taa akaikunja shingo, akairudisha kwenye boksi lake.

Jumatano, 10 Aprili

Fundi cherehani amenipita njiani. Alinisalimu, lakini hakusimama.

Ijumaa, 12 Aprili

Kaka amekuja. Niliomba aje, nikakataa kumwambia sababu kwenye simu, kwa hiyo aliingia na wasiwasi, viatu vimejaa tope.

Nilikuwa nimejipanga siku tatu. Nilianza mwanzo. Nilimweleza jinsi nilivyobishana ofisini, jinsi nilivyobadilisha kazi kwa hasira, nilimchorea mstari ule kwenye karatasi, nikamwonyesha moja inavyorudi na inavyoangukia pasipo pake. Nilimwambia nilijua tangu Jumamosi, kabla hajapiga simu kwa ndugu. Nilimwambia sikulala. Nikalia. Nikaomba msamaha, nikauomba tena kwa maneno mengine, nikaeleza ni kwa nini sistahili. Jua lilizama nikiwa bado nasema. Kinanda alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, hakuvuma.

Kaka hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

"Kwa hiyo ni wa kumi na tisa," akasema mwishoni.

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi nimewaambia watu ni wa kwanza. Kaka mkubwa amewaambia wateja wake."

"Kosa ni langu, kaka. Lote."

"Nimeelewa ni lako. Umeshasema." Akamgeukia Kinanda. "Umeshuka, mwanangu. Kutoka wa kwanza mpaka wa kumi na tisa."

Kinanda alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Mimi nilikuwa nafuta machozi yangu.

Kaka alisema alichokisema mwanzo hajakifuta. Atampigia kaka mkubwa aje amchukue. Duka linahitaji mtu.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekwenda kwa fundi cherehani nikamwambia nilimdanganya. Alinisikiliza bila kusimamisha cherehani. Mapacha ni wa ishirini na wa thelathini. "Kosa nilikwisha kulisamehe," akasema. "Ila nilikuuliza, jirani. Nilikuja kwako nikakuuliza."

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Kinanda anapanga nguo. Nimemwambia nitazungumza tena na baba yake. Akasema, "Usijisumbue, shangazi." Sikujua niliposikia hivyo kama ni upole au ni mlango unafungwa.

Ofisini nimemwomba Bwana Koma apitie kazi yangu. Aliipitia, akanirudishia, akasema "iko sawa" na hakuna zaidi.

Jumamosi, 20 Aprili

Kaka mkubwa alifika kabla ya mchana na gari la kukodi, tumbo mbele, kicheko mbele ya tumbo. Kaka alikuja naye. Begi la Kinanda lilikuwa mlangoni. Niliwaandalia chai, nikawa namimina kwa mikono miwili kama mgeni katika nyumba yangu mwenyewe.

Kinanda alimwamkia. Kaka mkubwa akaitikia, akamtazama juu mpaka chini.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza aliyeanguka?"

Alisema kwa utani. Ndivyo anavyosema mambo yote. Nilijua Kinanda atainamisha kichwa, na nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze kueleza tena habari ya mstari ule. Kinanda alinitangulia.

"Sikuanguka, baba mkubwa. Muhula uliopita nilikuwa wa thelathini na nane. Sasa ni wa kumi na tisa."

"Darasa lina wangapi?"

"Arobaini na wawili."

Kaka mkubwa amefanya biashara maisha yake yote. Hakuhitaji kalamu. Aliweka kikombe chini, akamgeukia kaka. "Sasa wewe umenitoa dukani kwangu kwa mtoto aliyefanya nini hasa?"

Kaka alikuwa ananiangalia mimi.

"Alikuwa wa thelathini na nane?"

"Ndiyo, kaka."

"Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa naye Ijumaa ile mpaka jua likazama. Nilimwambia echo, nilimwambia print, nilimwambia usingizi wangu na machozi yangu, nilichora hata kwenye karatasi. Neno moja hilo lingetosha, na lilikuwa la mtoto, na sikulikumbuka.

"Nilikuwa nakuomba msamaha," nikasema.

"Ulikuwa unajizungumzia," kaka akasema. Hakusema kwa ukali.

Kisha akainuka, akaenda akachuchumaa mbele ya Kinanda aliyekuwa amekaa mkekani, lijitu zima lenye viatu vya tope, akamwambia ataje tena. Kinanda akataja. Akamwambia ataje kwa sauti. Kinanda akataja kwa sauti, thelathini na nane, kumi na tisa, na sauti ikamkatika katikati, na kaka akamkumbatia hivyo hivyo akiwa amechuchumaa mpaka wote wawili wakaangukia upande. Kaka mkubwa alicheka, akasema atarudi dukani peke yake, na gari lake la kukodi alilipe mwenye kesi.

Nilikwenda mlangoni kulichukua begi nilirudishe chumbani. Lilikuwa jambo pekee nililoliona la kufanya. Kinanda alikuja nyuma yangu, akashika mkanda wake.

"Niachie, shangazi," akasema taratibu. "Nitabeba mwenyewe."

Nikamwachia.